Taa Haikati Kona

Nenda steji yoyote ya boda boda katika ng'ambo zetu tatu za Mombasa, Likoni, Kisauni au Changamwe, uulize kwa nini fulani aligongwa kwenye raundabauti. Jibu utalipata kabla hujamaliza swali: "Yule dereva hakutoa indiketa." Mwenyekiti wa steji atakwambia hivyo, abiria atakwambia hivyo, na mtangazaji wa redio akifungua simu asubuhi atayasikia hayo hayo, kisha ataongeza dawa yake: polisi wa trafiki wasimame raundabauti, wawakamate wasiotoa ishara, mambo yatengenee. Wenye magari nao hujibu kwa kelele zao za kila siku, kwamba boda ni wakorofi, boda hawana leseni, boda hujipenyeza popote.

Dereva asiyetoa indiketa ana makosa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ipo, na atakayelipishwa faini kwa hilo simwonei huruma. Ninachokipinga ni imani iliyojificha chini ya lalamiko lenyewe: kwamba taa ikiwaka vizuri, mwenye pikipiki yu salama. Imani hiyo ndiyo inayotuumiza. Dereva wa hatari zaidi kwenye raundabauti si yule asiyewasha taa, maana huyo angalau unamshuku. Wa hatari ni yule aliyewasha, wewe ukamwamini.

Chukua Changamwe. Pale barabara ya Nairobi inakutana na ya Magongo na ile ya kushukia Port Reitz na uwanja wa ndege, na malori ya bandari ya Kilindini hupita usiku na mchana yakienda na kurudi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Dereva wa trela aliyetoka Malaba amekata zaidi ya kilomita 900 akizungumza lugha ya indiketa isiyofundishwa katika shule yoyote ya udereva. Akiwa safarini, akiwasha ya kulia humwambia aliye nyuma yake: tulia, usinipite, mbele kuna gari. Akiwasha ya kushoto humwambia: pita, njia nyeupe. Usiku akikutana na lori linalokuja, huwasha tena ya kulia ili mwenzake aone upana wake unaishia wapi. Lugha hiyo siidharau hata kidogo. Kati ya Mtito Andei na Mariakani imeokoa roho za watu. Ila hebu tia akilini. Indiketa moja, ya kulia, imeshakuwa na maana mbili za njiani, na hakuna hata moja kati ya hizo inayosema gari litakata kulia.

Sasa trela hilo linaingia Changamwe, taa ya kulia inawaka. Kijana wa boda aliyepakia mama na mfuko wake wa unga anasoma kama alivyofundishwa: huyu anazunguka kwenda kulia, kwa hiyo kushoto kwake kuko wazi, napita. Huenda dereva aliiwasha Mazeras kumzuia mtu wa Probox asimpite, akasahau kuizima. Trela likitoka kushoto, kijana yuko ubavuni mwake, na alichokisoma kwenye ile taa hakimsaidii tena.

Kuna na hawa wa hazadi. Wamejizoeza kwamba ukitaka kwenda moja kwa moja, washa taa zote mbili, kila mtu ataelewa. Anayeelewa ni yule aliye nyuma kabisa au mbele kabisa, anayeziona zote. Mwenye pikipiki aliye pembeni anaiona moja tu, ile ya upande wake. Kwake hiyo si hazadi, ni indiketa ya kushoto ama ya kulia, inamweleza jambo ambalo dereva hakulikusudia. Hapo mtu ametoa ishara, tena amejitahidi kuliko wengi, na bado amedanganya.

Ukivuka Nyali Bridge ukaingia upande wa Kongowea na Kisauni, lugha inabadilika tena. Indiketa ya kushoto ya matatu ni nashusha, ni napakia, ni nimemwona abiria kule mbele, ni nimeshasimama zamani, na mara chache sana ni nakata kushoto. Likoni, feri inapotema magari, yote hutoka kwa mkupuo kwa dakika chache, kila mmoja akimwahi mwenzake: wa Shelly Beach wanataka kushoto, wa Mtongwe wanataka kulia, wa Ukunda wanataka kunyoosha, na taa zinawaka hovyo hovyo kila upande. Anayeamua la kufanya kwa kuzisoma taa hizo atachanganyikiwa kabla hajafika lami ya juu.

Watu husema shida ni adabu. Madereva wa Mombasa hawana adabu, wangekuwa nayo taa zingesema kweli. Sikubali, kwa sababu kifaa chenyewe hakikuundwa kwa raundabauti. Kijiti cha indiketa cha gari hujizima usukani unaporudi katikati baada ya kukata kona. Kimebuniwa kwa kona ya kawaida: unageuza, unanyoosha, kinajizima. Raundabauti haiendi hivyo. Unapeleka usukani kushoto kidogo unapoingia, unaurudisha kulia unapozunguka, unaupeleka kushoto tena unapotoka. Dereva aliyewasha ya kulia kwa nia njema kabisa anaweza kuikuta imezimika kabla ya nusu ya mzunguko. Aliyewasha ya kushoto akatoka kwa kona nyepesi, usukani haukugeuka vya kutosha, anaondoka nayo ikiwaka hadi steji ya pili na ya tatu. Hao wote wawili wametii sheria. Wewe uliyewasoma ndiye utakayelala chini.

Kuhusu mafunzo, kwa miaka mingi mtahiniwa wa udereva nchini Kenya amesukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao wa mji wa mfano, akikariri mbele ya mtahini: ukienda kulia, washa ya kulia unapokaribia, kisha ya kushoto ukishapita njia iliyo kabla ya yako. Amefaulu kwa mdomo. Kigari cha ubaoni hakina taa, hakina kijiti, hakina trela linalompumulia mgongoni.

Na sisi wa upande wa magurudumu mawili tusijifanye malaika. Pikipiki nyingi za boda, na tuktuk vilevile, indiketa zake hazijizimi kabisa. Kidole gumba kikisahau, taa inawaka toka Mikindani hadi Jomvu. Nyingine vioo vimevunjika, nyingine nyaya zimekatwa ili kuunganisha redio. Ukisimama steji ukasikiliza wanavyowalaani madereva wa Vitz, kisha ukazikagua pikipiki zilizopangwa pale, utakumbuka kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Dereva wa gari naye ana haki ya kusema boda alinidanganya.

Jambo ambalo wapenzi wa indiketa hawataki kuliangalia ni hili. Kanuni ya raundabauti haihitaji indiketa hata moja ili ifanye kazi. Kanuni tunayoifuata, ya anayeingia kumpisha aliye ndani, Uingereza iliifanya sheria mwaka 1966, na kwetu sisi tunaoendesha kushoto maana yake ni kumpisha anayetokea kulia. Basi. Anayeingia anangoja. Gari lililo ndani likikupita, umelipisha. Likitoka kabla ya kukufikia, njia ni yako. Katika hali zote mbili ulichohitaji ni kuliona gari lenyewe limefanya nini. Taa inaongeza kitu kimoja tu: inakuwezesha kuondoka sekunde mbili mapema, kwa kubashiri kwamba gari hilo litatoka. Kwa hiyo mjadala mzima wa indiketa ni mjadala wa sekunde mbili za wenye haraka. Mwenye gari akibashiri vibaya anakwaruzwa mlango. Mwenye pikipiki akibashiri vibaya anapelekwa Makadara, na pale hospitali ya Coast General hakuna wodi maalumu ya waliokuwa na haki.

Kinachostahili kusomwa ni chuma na mpira. Gari haliwezi kukata kona kabla tairi la mbele halijageuka, na tairi la mbele haligeuki kwa kusahauliwa. Tazama tairi, usitazame taa. Gari lililosimama likianza kusogea, mzunguko wa tairi unaonekana kabla bodi haijaonyesha kwenda. Gari linaloendelea kuzunguka hubaki limekikaribia kisiwa cha kati. Linalotaka kutoka huanza kukiachia, linasogea nje, pua inanyooka. Mwendo nao unasema: aliyekuja kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa hawezi kukata kona kali hata akiwasha taa zote alizo nazo, na aliyepunguza bila sababu ana jambo anataka kulifanya.

Trela lina masomo yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoisha. Magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia iliyopitwa na ya mbele. Hukata ndani ya kona. Linapoingia raundabauti likipinda kushoto, mkia unajibana kushoto, kwenye ukingo wa barabara, pale pale boda anapopenda kujipenyeza. Linapozunguka likipinda kulia, mkia unalalia kisiwa cha kati, na aliyejificha upande huo anabanwa kwenye ukingo wa saruji. Linapotoka, unarudi kushoto. Maana yake hakuna ubavu wa trela ulio salama ndani ya raundabauti. Kinachobadilika tu ni upi utakaokubana kwanza. Isitoshe, dereva wa lori la Kenya anakaa kulia, juu sana. Kushoto kwake, chini ya kioo cha mlango, kuna sehemu kubwa asiyoiona hata akitaka. Kijana aliyesimama pale akingoja kuondoka pamoja na lori anadhani yuko barabarani na mwenzake. Mwenzake hajui kama kuna mtu.

Ndiyo maana nakataa pia ule ushauri wa kizee, unaotolewa kwa nia njema hata na polisi: "Boda, kaa kushoto pembeni." Kwenye barabara iliyonyooka, sawa. Kwenye raundabauti, kushoto pembeni ndiko kila gari linakotokea. Anayetaka kwenda kulia huku ameshikilia ukingo wa nje anakatiza mbele ya kila njia ya kutokea, moja baada ya nyingine, na kila mara anaweka roho yake mbele ya mtu anayetaka kwenda zake. Mahali pa pikipiki ni katikati ya safu, nyuma ya gari moja na mbele ya jingine, ikichukua nafasi kama gari. Uwe mbele ya dereva akuone, au nyuma yake ungoje. Ubavuni usiwe.

Hapa ndipo ninapopigiwa kelele. Wataniambia: unamtwika mnyonge mzigo wa mwenye nguvu. Dereva ndiye mwenye chuma cha tani kadhaa, dereva ndiye aliyekosea, wewe unamwambia boda ndiye ajirekebishe. Ni hoja nzito kuliko zote, na wanaoitoa wana ushahidi wa zamani. Mwaka 1981 Marekani ilichapisha uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt, wa ajali 900 za pikipiki za Los Angeles zilizochunguzwa papo hapo barabarani. Katika ajali zilizohusisha gari jingine, theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuichukua njia iliyokuwa haki ya mwenye pikipiki. Theluthi mbili. Kwa hiyo, ndiyo, mara nyingi mwenye kosa ni yule wa magurudumu manne.

Lakini soma uchunguzi huo huo mbele kidogo. Sababu kuu iliyotajwa ni kwamba madereva hawakuiona pikipiki, au waliiona wakiwa wamechelewa. Mtu asiyekuona hawezi kukutolea indiketa wewe. Pikipiki ni nyembamba. Nguzo ya kioo cha mbele cha gari inaweza kuificha yote pamoja na abiria wake. Hata ikionekana, udogo wake humfanya dereva adhani iko mbali kuliko ilivyo. Ukimkamata dereva huyo ukamtoza faini, ukamrudisha darasani, bado nguzo ya kioo itakuwa pale pale kesho. Kosa ni lake, nakubali, na mahakama imhukumu. Ila hesabu ya kosa hufanywa baada ya ajali, na hesabu ya usalama hufanywa kabla yake. Ukizichanganya hizo mbili, utashinda kesi ukiwa na magongo.

Wengine wanasema, basi mtazame dereva machoni, mkikutana macho ameshakuona. Nalo hili silikubali. Vioo vingi vya magari ya mji huu ni vyeusi, na hata visivyo vyeusi, dereva anaweza kukutazama huku akili iko kwa mteja aliyempigia simu. Jicho nalo ni indiketa tu, tena isiyo na balbu. Rudi kwenye tairi.

Jaketi lenye kung'aa na taa ya mbele mchana, vaa na washa, vinasaidia uonekane. Helmeti usiiweke kwenye mkono wa pikipiki: mapitio ya kisayansi ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti huanza kazi pale kusoma kulipokwisha kushindwa.

Hoja nyingine ninayoiheshimu ni ya tumbo. Boda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni, ana mafuta, ana mkopo. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wamejaa steji, na ushindani ni wa roho mkononi. Anayengoja nyuma ya trela anaona wenzake wakimpita na pesa zake. Tupige basi hesabu yenyewe. Chukua mita 60 za kukaribia na kupita raundabauti. Kwa kilomita 40 kwa saa utazimaliza kwa sekunde tano na nusu hivi. Kwa kilomita 20, sekunde kumi na moja. Umepoteza sekunde tano na nusu. Upange raundabauti kumi kwa siku, hujafika dakika moja. Kwa upande wa pili, kwa mwendo wa 40 unakata mita 11 kila sekunde. Ukihitaji sekunde moja na nusu kugundua kwamba tairi limegeuka na kushika breki, umeshakwenda mita 16 na zaidi kabla breki haijauma. Kwa 20 ni mita 8. Tofauti hiyo ni zaidi ya urefu wa matatu moja. Mwenye pikipiki anayedai hesabu jioni aulizwe kama anaijua hiyo.

Nikija kwa wakubwa, msimamo wangu unanifanya nidai mambo tofauti na yanayodaiwa redioni. Kumweka askari raundabauti akamate wasiotoa indiketa ni kazi bure. Askari akiwapo, huwa anaongoza magari kwa mkono, na mkono ukinyanyuka indiketa haina kazi. Akienda kula, kila mtu anarudi kwenye lugha yake. Linalofaa kudaiwa kwa mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, na kwa kaunti, ni umbo la barabara: njia ya kuingilia iliyo nyembamba na iliyopinda kiasi cha kumlazimisha kila mtu apunguze, tuta kabla ya mstari wa kungojea, mistari ya safu inayopakwa rangi upya kabla haijafutika, na taa za barabarani zinazowaka usiku ili hilo tairi ninaloliimba lionekane. Pale ambapo gari haliwezi kuingia kwa zaidi ya kilomita 25 kwa saa, uongo wa indiketa unakuwa mdogo. Kuna muda wa kumwona mtu amebadili nia na kusimama. Sementi haisahau kujizima na haipokei kitu kidogo.

Na kwa wenyeviti wa steji na wakubwa wa sako, ambao kila ajali ikitokea huwa mstari wa mbele kuwasaka madereva, nina ombi dogo la kazi. Kijana mpya akija kuomba pikipiki, msimpe ufunguo siku hiyo. Mpakieni nyuma ya mkongwe, wasimame pembeni mwa raundabauti saa za malori, azibe kwa kiganja mahali taa za gari zilipo, atazame tairi na pua peke yake, na kwa kila gari linaloingia aseme kwa sauti kabla halijafika njia ya kwanza ya kutokea: huyu anatoka, huyu anazunguka. Mkongwe ahesabu makosa. Wakimaliza magari hamsini, waanze na matrela.